Mayunga Ametutangulia

Gazeti la klabu ya mbio ya Mbalibali linaitwa Vumbi, na aliyewahi kukimbia barabara za huku mwezi wa saba hahitaji kuelezwa kwa nini. Ni karatasi mbili zilizokunjwa katikati. Hutolewa kopi Mugumu, kwa Godwin mwenye stesheneri, na mashine ya Godwin ikiamka vibaya nusu ya maneno hutoka meusi tii na nusu hupauka kama kanga ya zamani. Lakini usilidharau. Klabu ina kundi la WhatsApp kama klabu zote, ila mtandao wa Ringwani unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na si kila mzee ana magoti ya kupanda kichuguu. Kwa hiyo kila nyumba inayowapa wakimbiaji maji, kutoka mtoni hadi Kenyamonta, hupelekewa Vumbi lake mkononi. Ndiyo sheria ya klabu: hatuna cha kukulipa, ila jina lako litatoka gazetini. Kuna watu wameoa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mhariri wa gazeti hilo ni fundi cherehani. Anaitwa Luciana, mtoto wa wafugaji wa Mbalibali hapohapo, aliyekomea darasa la saba akajifunza kushona kwa shangazi yake. Uhariri alipewa kwa sababu wengine wote waliukimbia, na katika klabu ya mbio wanaojua kukimbia ni wengi. Kumbe ulimfaa. Mtu aliyezoea kufumua mshono na kuurudia haoni tabu kufuta sentensi.

Mumewe alikuwa Mayunga, Msukuma wa Maswa, aliyekuja huku kufuata dhahabu ya Nyamongo kama walivyokuja wengi, naye kama wengi akapata zaidi matope. Walikutana alipomletea Luciana suruali iliyochanika magoti yote mawili. Luciana akamuuliza kama kwao watu hutembelea magoti. Mayunga akajibu kwamba mtu mwenye haraka huangukia mbele, mvivu ndiye huangukia nyuma. Hakuwa mkimbiaji wakati huo. Alianza kwa ubishi tu: dereva mmoja wa bodaboda alimwambia kwamba kwa miguu hatoki machimboni akafika Mbalibali kabla ya giza. Akafika, na akapata na muda wa kuoga. Tangu hapo kila Jumamosi akawa anarudi nyumbani mbio, na walipooana akamvuta na mkewe, mkewe akalivuta gazeti.

Safari zake za mazoezi zilimfikisha mbali. Mwaka jana, jua la utosi, alifika Ringwani akiwa hoi, akajibwaga kwenye ua wa mama mmoja mzee, mjane, aitwaye Bibi Scholastica. Bibi alitoka na fimbo. Hakuwa na kosa, maana huku kwetu mwanamume anayekimbia bila mtu nyuma yake lazima ana ng'ombe wa watu mbele yake. Alipoona hakuna ng'ombe, wala hakuna nguvu za kuiba hata kuku, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha uji wa ulezi. Mayunga akaumaliza, akasema "wabeja", ndiyo asante ya kwao, akamwahidi Bibi mbele ya majirani: siku ya Mbio za Mto nitapita hapa wa kwanza, na sitaonja cha mtu mwingine kabla ya uji wako. Baada ya hapo Jumamosi moja moja akawa anapitia uji kwa Bibi, na kisa hicho alikisimulia nyumbani mpaka Luciana akamwambia akakioe. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona huyo Bibi. Mazoezi yake aliyafanyia upande wa Mugumu, na wanawake wenzake.

Mwezi wa nne, masika yakiwa yameilainisha ardhi, kifusi kiliporomokea duara alimokuwa akichimba Mayunga. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Walimtoa jioni. Kaka zake wakaja kutoka Maswa na gari la kukodi, wakamchukua kwao, kama ilivyo haki yao, na Luciana akapanda nyuma pamoja na jeneza.

Kule Maswa walilia wote. Walilia waliomzaa, waliocheza naye, na waliokuja kwa ajili ya chakula. Nyimbo zilikuwa za Kisukuma, na Kisukuma cha Luciana kilikuwa salamu na ile asante. Alikaa mkekani akisubiri machozi yake, yasije. Hakuyazuia, hayakuwepo. Siku ya tatu mama mkwe alimtazama usoni kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili lisimpite: "Mwanangu alioa jiwe."

Neno hilo alirudi nalo Mbalibali. Kaburi liliachwa Maswa, nguo zikagawiwa Maswa, yeye akarudi na jiwe.

Wanaokimbia masafa marefu wanaijua ganzi. Unafika mahali vidole vya miguu vinakufa, unakanyaga na ardhi huisikii. Wakongwe watakwambia usiiogope ganzi, iogope siku inayotoka. Luciana aliingia ganzi mwili mzima. Alishona sare za shule, alipika, aliitikia pole za watu, akajibu "nimeshapoa" kabla hawajamaliza kusema. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mwanamke gani anafiwa na mume, na huyo mume ni Mayunga, halafu analala vizuri? Akaanza kuogopa kwamba labda mama mkwe ameona sawasawa. Labda hakuwahi kumpenda. Labda alizoea tu kelele zake.

Na kulikuwa na jambo jingine dogo. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Alisema "tangu yale matatizo". Alisema "tangu mwezi wa nne". Kiswahili ni lugha yenye huruma, au tuseme ukweli, ni rafiki wa waoga: kinakupa njia hata kumi za kuzunguka kifo bila kukikanyaga. Amefariki, ametutoka, ametwaliwa, amepumzika, hatunaye. Luciana alizitumia zote. Lile moja la mtoto mdogo, lile linalotumika kwa kuku na kwa mfalme, lilimkwama kooni kila lilipokaribia. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, aumie, ajue kwamba yeye si jiwe, na hakujua aanzie wapi.

Mwezi wa tano ulipofika, Vumbi likawa linadaiwa tanzia. Mwenyekiti wa klabu, Mwalimu Erasto, ni mtu mwema anayependa maneno kama ng'ombe anavyopenda chumvi. Alikuja mwenyewe hadi kwenye cherehani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Nimekuja kwa ajili ya ukurasa wa marehemu. Nataka ukurasa mzima. Wasifu, mstari wa Ayubu, na mwisho Mungu amlaze mahali pema peponi."

"Nafasi ni ndogo, Mwalimu."

"Nafasi ya Mayunga ndogo? Tutoe ratiba ya mbio!"

"Ratiba haitoki. Watu wa maji wanaingoja."

Mwalimu akashindwa, na Mwalimu Erasto akishindwa kwa maneno ujue ameguswa. Luciana aliahidi kuandika. Kisha alikaa na kalamu mpaka uji ukaungua jikoni, na kilichotoka ni mstari mmoja. Kwenye ukurasa wa ratiba, chini ya kichwa cha habari MAANDALIZI YA MBIO ZA MTO, kulikuwa na nafasi iliyobaki. Akaweka pale picha pekee nzuri aliyokuwa nayo: Mayunga yuko mbele, kinywa wazi, anacheka, na wenzake nyuma wamemezwa na vumbi lake. Chini ya picha akaandika: *Mwenzetu Mayunga ametutangulia.* Akaweka nukta.

Mwalimu Erasto aliusoma mstari huo, akafuta miwani, akasema ni mfupi lakini una uzito. Yeye alikuwa anajua. Mbalibali nzima ilikuwa inajua. Hakuna aliyejiuliza utasomekaje na mtu asiyejua, mwenye picha ile mbele yake, kwenye ukurasa wa mbio. Godwin akawasha mashine, bodaboda zikachukua mafungu yao, na Vumbi likafika Kenyamonta, likafika Ringwani.

Mbio za Mto huanza Tarime mjini kunapopambazuka, hushuka Nyamongo, huvuka Mto Mara, hupanda Ringwani na Kenyamonta, na kuishia Mugumu kwa yule ambaye miguu imekubali. Ni ndefu kuliko marathoni mbili. Luciana alijitokeza kwenye mstari wa kuanzia mwezi wa saba akiwa amevaa kifuani kitambaa cha mumewe. Klabu haina namba za kununua; Luciana hushona vitambaa vyeupe na kutarizi jina la mkimbiaji, na cha Mayunga alikuwa amekimaliza mapema, kabla ya masika. Waliomuuliza kwa nini anakimbia aliwajibu kwamba kitambaa kilikuwa kimeshashonwa. Ni jibu la kijinga, na ndilo lilikuwa la kweli.

Alikimbia kama alivyokuwa akiishi. Nyamongo aliipita bila kugeuza shingo upande wa machimbo, na hata angegeuza, alijijua, asingehisi kitu. Watu waliomfahamu walisimama kandokando wakasema "pole, mama, jikaze", naye akawapungia mkono. Darajani alikula viazi vyake vya chumvi akitazama maji ya kahawia yakipita chini. Mlima wa kuelekea Ringwani ulimkuta vidole vimeshakufa, jua limekaa kichwani, na wanaume wote pamoja na nusu ya wanawake wako mbele yake. Alikuwa hafikirii kitu.

Karibu na kilele palikuwa na ua wa minyaa, na mbele ya ua kiti cha miguu mitatu, na juu ya kiti mama mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Pembeni yake kibuyu kilichofunikwa kitenge. Alinyoosha fimbo barabarani kama kizuizi cha polisi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Luciana, akisimama.

"Marahaba. Sogea." Bibi alikishika kile kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili, akakisoma polepole. "Mayunga. Wewe ndiye mke wake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi ndiye Scholastica. Basi ukimkuta huko mbele, mwambie nimekasirika."

Luciana alidhani masikio nayo yameingia ganzi.

"Amenipita!" Bibi aligonga fimbo chini. "Nimeamka kuku wamelala. Nimesaga ulezi kwa mawe, wa mashine yeye hautaki. Nimekaa hapa. Akaja yule wa kwanza, mwembamba, nikamuuliza, mura wangu, yule kijana Msukuma, yuko wapi? Akasema, Bibi, yeye ametutangulia. Akaja wa pili, nikamuuliza. Ametutangulia. Mwalimu wenu akapita na pikipiki, nikamuuliza na yeye, akavua kofia kabisa. Ametutangulia, Bibi. Hata gazeti liliandika, ninalo ndani, nimelibandika ukutani. Haya, ametangulia akapita wapi? Ahadi ni deni, au kwao Usukumani sivyo?"

Luciana alikishika kitambaa chake kifuani.

"Mimi nimetoka hapa mara moja tu," aliendelea Bibi, na sauti ikaanza kushuka. "Mbuzi waliingia kwenye mtama, nikaenda kuwafukuza. Mara moja. Ndipo alipopita? Si angeita? Mimi nasikia vizuri, macho ndiyo yamechoka." Akakitazama kile kiti chake. "Au alifika akaona kiti kitupu, akafikiri huyu bibi amenisahau."

Hapo Luciana aliona kilichotokea, chote, kuanzia mstari wake mmoja mpaka kofia ya Mwalimu Erasto. Hakuna aliyedanganya. Wote walikuwa na adabu. Nani atamwambia bibi wa watu neno lile baya huku ameshika maji yake? Wakamwachia lile zuri, na lile zuri likamkalisha mama mzee juani akijilaumu kwa ajili ya mbuzi.

"Bibi," alisema, "yeye ametu..."

Akakoma. Lilikuwa linatoka lenyewe, limezoea njia. Akimaliza kulisema ataondoka, atashuka kilima, na Bibi Scholastica atabaki miaka yake yote iliyosalia akiamini kwamba Mayunga alipita na yeye hakuwepo.

"Hukumkosa, Bibi. Hakupita. Amekufa."

"Nani?"

"Mayunga. Mume wangu amekufa. Shimoni, mwezi wa nne. Alizikwa kwao. Ile ya gazetini niliandika mimi, nikaandika vibaya."

Bibi aliangalia kibuyu. Akaangalia barabara ya chini, kule Mayunga alikokuwa akitokea siku za Jumamosi. Halafu akajishusha kutoka kwenye kiti mpaka chini, akanyoosha miguu vumbini, akaweka mikono kichwani na kupiga kilio, kile cha wanawake wa huku, ambacho mtu wa huku hahitaji kutafsiriwa. Wanawake wakatoka mashambani na majembe yao, wakauliza nani, wakaambiwa ni yule Msukuma wa uji, nao wakaketi wakalia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yake. Wengine walimwona mgongo tu akipita.

Kilichoanza kuuma ni miguu. Luciana alisimama katikati ya kilio hicho akahisi vidole vyake vya kulia, kisha vya kushoto, vikirudi kimoja kimoja kwa moto. Kisha magoti. Alikaa chini kwa kuwa hakuweza tena kusimama, na alipokaa, kikapanda kifuani, kikafika kooni, kikatoka. Alilia vibaya, kwa sauti ya kutisha, kama mtu asiyejua jinsi watu wanavyolia. Alimlilia Mayunga, kinywa chake kilichokuwa hakifungwi, suruali zake, harufu ya udongo kwenye shingo yake. Iliuma sana. Ndani ya maumivu hayo alifurahi, akaona aibu kufurahi, akaendelea kulia.

Baadaye sana Bibi alimfuta uso kwa kile kitenge, akamwekea kibuyu mikononi.

"Kunywa. Ulikuwa wa nyumba yenu."

Luciana aliunywa wote. Ulikuwa bado una vuguvugu.

"Wabeja," alisema.

"Ee," alijibu Bibi. "Ndivyo alivyokuwa anasema."

Mbio hakumaliza. Mwalimu Erasto alimrudia na pikipiki, akamkuta amelala kwenye ngozi ndani ya nyumba ya Bibi Scholastica, ukutani juu ya kichwa chake picha ya Mayunga akicheka, na Mwalimu akavua kofia, akaketi mlangoni. Ganzi ilirudi siku iliyofuata, na bado huja. Mtu asikudanganye kwamba jambo kama hilo huondoka kwa kilio kimoja. Luciana hushona, hupika, huitikia pole. Ila sasa usiku mwingine halali vizuri, na hajalalamika.

Toleo la mwezi wa nane lilikuwa na matokeo ya mbio, shukrani kwa watu wa maji, na kwenye ukurasa wa nyuma, peke yake, habari hii:

*MASAHIHISHO. Katika toleo la mwezi wa tano tuliandika kwamba Mayunga ametutangulia. Hakumtangulia mtu. Amekufa. Alikuwa mume wangu. Bibi Scholastica wa Ringwani alikuwepo kwenye kiti chake siku ya mbio, na hakuna aliyepita asimwone. Luciana.*

Mwalimu Erasto aliisoma akiwa amesimama pale stesheneri. Kwa mazoea akatoa kalamu aongeze Ayubu. Akaisoma tena, akarudisha kalamu mfukoni.

"Dada," alisema Godwin kutoka kwenye mashine, "hapo chini imebaki nafasi kubwa. Niweke kitu?"

"Acha hivyo."

Kopi zilipotoka, Godwin akaanza kuzigawa mafungu ya bodaboda: la Mbalibali, la Kenyamonta, la Ringwani. Luciana akachomoa gazeti moja kwenye fungu la Ringwani, akalikunja katikati taratibu, akalitia kwenye mkoba pamoja na viatu vyake vya kukimbilia.

"Hili nitalipeleka mwenyewe," alisema.